Kiharusi Hakingoji: Historia ya Maradhi ya Sakta na Somo Lake Kwetu



Ndugu msomaji, kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Tumuombe azipokee saumu zetu na awaponye wagonjwa wetu.

Makala ya leo ni ya historia, lakini ni historia inayoingia majumbani mwetu. Ni nadra Ramadhan kupita bila kusikia kwamba mzee fulani ameanguka msikitini wakati wa tarawehe, au mama fulani ameshindwa kuinua kikombe mezani kwa futari na mdomo umekwenda upande. Punde nyumba hujaa watu. Huyu asema ni saumu imemshika. Yule asema ni upepo mbaya. Mwingine ataka apakwe mafuta ya habasoda, alale, asubuhi ataamka mzima. Jamaa wakiulizana na kupigiana simu, saa zinapita. Mgonjwa hufika hospitali kesho yake, na daktari akiuliza yalianza saa ngapi, wote hutazamana.

Maradhi hayo ni kiharusi, wengi wetu twayaita stroki. Hebu tuangalie wanadamu wameyajuaje, maulamaa wa tiba wa Kiislamu walisema nini, na kwa nini leo saa moja tu yaweza kuwa tofauti baina ya mtu kurudi kazini kwake na mtu kulishwa kwa kijiko mpaka mwisho wa uhai wake.

JINA LENYEWE LATUAMBIA NINI?

Wayunani wa kale, zama za Hippocrates, yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), waliyaita maradhi haya kwa neno lenye maana ya kupigwa ukaanguka chini. Waliona mtu mzima kabisa akidondoka ghafla kama aliyepigwa rungu. Matumaini ya kumponya hawakuwa nayo.

Waarabu walikuwa na majina matatu, na kila moja lina maana yake. Sakta yatokana na kunyamaza, kwa sababu mgonjwa huanguka akawa kimya, hasikii wala hasogei. Faalij yatokana na kupasua kitu vipande viwili, kwa sababu nusu ya mwili hufa ganzi na nusu yabaki salama. Laqwa ni uso kupinda. Ukiyaweka pamoja majina hayo matatu, utaona karibu dalili zote ambazo madaktari wa leo hutufundisha kuziangalia: uso, upande mmoja wa mwili, na usemi.

Sisi Waswahili tuna kiharusi na kupooza. Wazee wetu wengine walilitumia neno kiharusi pia kwa pepo anayempiga mtu. Si ajabu. Mtu alikuwa akicheka saa hizi, mara hawezi kutamka jina lake, na hana jeraha lolote. Asiyeona ndani ya kichwa angesema nini? Lakini sisi leo tumeonyeshwa yaliyomo ndani, kwa hivyo udhuru ule hatuna tena.

AL-RAZI NA IBN SINA

Abubakar Muhammad bin Zakariya al-Razi (865-925) alikuwa mkuu wa hospitali huko Rayy na Baghdad. Alikuwa mtu wa kuandika alichokiona kwa mgonjwa. Katika maandishi yake juu ya uso kupinda, alitenganisha uso uliopinda kwa sababu ya mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, na uso uliopinda kwa sababu ya maradhi yaliyo ndani ya ubongo. Mpaka leo daktari anapompokea mgonjwa aliyepinda mdomo, swali lake la mwanzo ni hilohilo.

Akaja Ibn Sina (980-1037), mwandishi wa al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Ibn Sina aliieleza sakta kuwa ni kupotea kwa hisia na harakati za mwili kwa sababu njia za ubongo zimeziba. Angalia neno hilo: kuziba. Alitoa pia onyo ambalo laonyesha alikuwa na uzoefu wa wagonjwa hawa. Alisema aliyepigwa na sakta kali aweza kudhaniwa amekufa, basi mwenye shaka asizikwe mpaka hali yake ibainike, na muda alioutaja haupungui saa 72.

Sasa tuwe wakweli, maana kuna wenzetu wakisikia jina la Ibn Sina husema tiba yote ya leo imo kitabuni mwake. Si hivyo. Yeye na wenzake waliamini kinachoziba ni makohozi mazito au damu iliyozidi, kulingana na elimu ya wakati ule ya uwiano wa majimaji manne ya mwili. Katika hilo walikosea. Ukubwa wao ulikuwa katika kuangalia, kuandika, na kumpeleka mgonjwa kwa mwenye elimu. Ndiyo maana miji ya Waislamu ilijengwa bimaristan, yaani hospitali. Ile ya Sultan Qalawun mjini Cairo ilikamilika mwaka 1284, na Ibn al-Nafis, tabibu aliyeeleza mwaka 1242 jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili, aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Wazee hao hawakuona kwamba kwenda hospitali kunapunguza imani. Walizijenga wenyewe, wakaziwekea wakfu.

MTU ALIYEFUNGUA KICHWA AKAONA

Jibu la nini hasa hutokea lilipatikana Uswisi. Daktari Johann Jakob Wepfer, wa mji wa Schaffhausen, alichunguza maiti za watu waliokufa kwa maradhi haya, na mwaka 1658 akachapisha aliyoyaona. Baadhi yao ubongo ulikuwa umejaa damu iliyomwagika. Tena akaeleza kwamba mishipa inayopeleka damu kichwani yaweza kuziba, ubongo ukakosa damu.

Basi kiharusi ni cha namna mbili. Kuna cha kuziba, ambapo bonge la damu hukwama katika mshipa, na sehemu ya ubongo iliyo mbele yake hukosa damu na hewa. Hiki ndicho kingi zaidi. Na kuna cha kupasuka, ambapo mshipa hupasuka na damu humwagika ndani ya kichwa. Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kujua amepatwa na kipi. Shika hapo, tutarudi.

WATAWALA WAWILI

Mtu aweza kudhani kwamba mwenye pesa na cheo huokoka. Tuwaangalie wakubwa wawili wa karne ya 20.

Wa kwanza ni Franklin Roosevelt, rais wa Marekani. Mwezi wa Machi 1944 daktari Howard Bruenn alimpima akakuta presha yake 186/108. Leo presha ya 140/90 tayari huhesabiwa kuwa juu. Daktari alimshauri apumzike, apunguze chumvi na sigara. Dawa nzuri ya presha hapo hapakuwa nayo duniani, hata kwa rais. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, alilalamika kichwa chamuuma sana upande wa kisogoni, akazimia. Presha ilipimwa ikawa 300/190. Alasiri ileile alifariki, naye ana umri wa miaka 63.

Wa pili ni Joseph Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Huyu kisa chake ni cha kuchelewa. Daktari wake Vinogradov alikuwa amemshauri apunguze kazi. Stalin alikasirika, na baadaye daktari huyo akatiwa ndani pamoja na matabibu wengine wakubwa, wakisingiziwa kwamba wala njama ya kuwaua viongozi. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1953, Stalin aliingia chumbani mwake nje ya mji wa Moscow baada ya karamu na wenzake. Kutwa nzima hakutoka. Walinzi waliogopa kumgongea mlango. Usiku, karibu saa tano, mmoja wao alijitia moyo akaingia, akamkuta chini sakafuni, amejikojolea, hawezi kusema.

Je, daktari aliitwa hapo hapo? La. Waliitwa wakubwa wa chama. Beria na Malenkov walikuja usiku wa manane, wakasema mzee amelala tu, msitusumbue. Madaktari waliingia asubuhi ya tarehe 2, na walipofika mikono ilikuwa yawatetemeka kwa hofu. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umepooza na damu imemwagika ubongoni. Alikufa tarehe 5 Machi.

Madaktari wa mwaka 1953 hawangeweza kumfanyia mengi hata wangeitwa mapema. Lakini litazame lile jambo lenyewe: mtu aliyetiisha nusu ya dunia alilala juu ya mkojo wake kwa saa nyingi, kwa sababu waliokuwa karibu naye waliogopa kuamua, na walioamua wakasema amelala. Je, hayo hayatokei kwetu? Mara ngapi tumesema tumsubiri mwanawe mkubwa aje kwanza? Mara ngapi tumesema amelala?

TIBA ILIPOPATA SAA

Baada ya Roosevelt mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia watu wa mji wa Framingham, Marekani, mwaka baada ya mwaka, na ikathibitika kwamba presha ya juu ni mlango mkubwa wa kiharusi. Mwaka 1958 vidonge vya kupunguza presha vilivyo rahisi kutumia viliingia sokoni. Utafiti uliotolewa mwaka 1967 ukaonyesha wazi kwamba wenye presha kali waliotibiwa waliepushwa na viharusi na maafa mengine, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipatwa. Dawa iliyomkosa rais wa Marekani mwaka 1945, leo yapatikana hata katika zahanati zetu.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa aliye hai kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo CT skani. Mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Lile ambalo Wepfer aliliona baada ya mtu kufa, sasa daktari aliliona mtu akiwa hai: je, ni kuziba au ni kupasuka?

Halafu mwezi wa Disemba 1995 ukatolewa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 624. Walijaribu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, wakaipeana ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Baada ya miezi 3, waliopewa dawa walikuwa na nafasi zaidi, angalau kwa asilimia 30, ya kubaki na ulemavu mdogo au bila ulemavu wowote. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wafaidika hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 ikathibitika kwamba kwa wagonjwa fulani bonge laweza kutolewa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu, na mwaka 2018 kwamba wachache wenye hali maalumu waweza kusaidika hivyo hata ndani ya saa 24.

Kwa nini haraka hivyo? Daktari Jeffrey Saver alipiga hesabu mwaka 2006: mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika moja hufa takriban chembe milioni 1.9 za ubongo. Sasa hesabu mwenyewe. Kikao cha jamaa cha nusu saa ni chembe ngapi? Kungoja kupambazuke je?

Na hapa ndipo turudi kwenye zile namna mbili. Dawa inayoyeyusha damu humfaa aliyeziba, lakini aliyepasuka yaweza kumuua. Kwa hivyo lazima skani kwanza. Na ndiyo sababu usimpe mgonjwa wa kiharusi aspirini nyumbani kwa kusikia kwamba yalainisha damu. Hujui damu yake imefanya nini.

HALI YETU HAPA KENYA

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa. Presha haina kelele. Yaweza kukaa na mtu miaka kumi bila hata kichwa kumuuma, mpaka siku ile. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mambo kumi hivi yanayoweza kurekebishwa ndiyo yanayobeba takriban viharusi 9 kati ya 10: presha, sigara, kukaa bila mazoezi, vyakula vibaya, unene wa tumbo, kisukari na mfano wa hayo.

Kijana, usiseme haya ni ya wazee. Sigara, shisha, miraa na muguka vyote hupandisha presha, na barazani vyatumika pamoja usiku kucha. Na futari zetu nazo tuziangalie: viazi karai, bajia, sambusa, kaimati, na chumvi juu ya chumvi. Kufunga kutwa kisha kujaza mafuta usiku si afya.

Jambo jingine ni dawa. Kuna wazee wanaoacha kabisa vidonge vya presha kwa sababu wamefunga. Hili ni kosa la hatari. Vidonge vingi vya presha huweza kupangwa wakati wa futari au daku, lakini daktari ndiye wa kupanga, na afadhali kabla ya mwezi kuandama. Na ambaye daktari amemwambia asifunge, Mola wake amemruhusu katika Surat al-Baqarah, aya ya 184 na 185. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu haikataliwi kwa sababu ya kuona haya kwa watu.

UFANYE NINI?

Tazama mambo haya, yasomeshwe hata kwa watoto wa madrasa:

1. Uso. Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umelegea?
2. Mikono. Mwambie ainue yote miwili. Je, mmoja washuka wenyewe?
3. Usemi. Mwambie arudie sentensi fupi. Je, maneno yamekatika au hayaeleweki?
4. Wakati. Ukiona hata moja katika hayo, angalia saa, uliza mara ya mwisho alionekana mzima ni saa ngapi, uandike, na safari ianze.

Kupoteza ghafla uwezo wa kuona, kupoteza mizani, au maumivu makali ya kichwa ambayo hayajawahi kumpata, nayo ni dalili.

Usimpe maji, usimpe tende wala uji, maana koo laweza kuwa limepooza na chakula kikaingia mapafuni. Usimuumike wala kumchanja. Mlaze kwa ubavu kama amezimia. Chukua vidonge vyake vyote uende navyo. Pigeni simu mapema mjue ni hospitali gani iliyo karibu yenye CT skani inayofanya kazi usiku, hili liulizweni leo mkiwa wazima. Ambulensi ikikawia, tumieni gari lolote lililopo. Mwenye gari mtaani ajulikane, na nambari yake iwe ukutani pale msikitini.

Na zile dalili zikiondoka zenyewe baada ya dakika chache, usiseme alhamdulillah yamekwisha ukakaa. Hicho ni kiharusi kidogo, na huenda kikubwa chaja katika siku chache zinazofuata. Nenda siku hiyohiyo.

Na kama mmechelewa, nendeni vilevile. Matibabu na mazoezi ya viungo yamewarudisha wengi kwenye kutembea.

KADARI NA DAWA

Mwisho, wako wanaosema: kama imeandikwa imeandikwa, hospitali ya nini? Jibu lilitolewa zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa uzee.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, wala hakuna anayelikataza. Lakini msomee mkiwa ndani ya gari. Dua na safari huenda pamoja, hakuna kinachomzuia mwenziwe.

Vijana, Ramadhan hii tufanye kitu kimoja. Kila mmoja wetu ampeleke mzazi wake akapimwe presha, na yeye mwenyewe apimwe. Ni kazi ya dakika tano. Kisha baada ya tarawehe kaeni na watu wa nyumbani muwafundishe uso, mikono, usemi na wakati.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, uwaponye wagonjwa wetu, na utujaalie tuwe wepesi wa kusaidiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.